Kufunua si Kufichua: Kitenzi "Reveal" na Wenzake wa Kiswahili

Katika vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi hukutana navyo tangu Kidato cha Kwanza, kimoja ni "reveal". Chaonekana rahisi. Ukimwuliza mwanafunzi maana yake, atajibu mara moja, "Ni kufichua," wala hakukosea kabisa. Lakini siku ya pili atakikuta kitenzi hicho hicho katika kitabu cha jiografia, kikieleza matope yanayoonekana maji ya bahari yakipwa. Siku ya tatu atakikuta katika historia, kikieleza siri ya vita. Na siku ya nne katika baolojia, kikieleza matokeo ya jaribio. Akiandika "kufichua" mahali pote hapo, atakuwa amesema mambo ambayo mwandishi wa kitabu hakuyasema, na pengine atakuwa amemshitaki mtu asiye na hatia.

Makala hii yakusudia kueleza maana za kitenzi hicho, na jinsi ya kukichagulia neno la Kiswahili lifaalo. Yawahusu zaidi wanafunzi, ambao wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili na sasa wanasoma masomo karibu yote kwa Kiingereza. Hata hivyo walimu na wazazi nao watapata la kufikiri, maana neno hili halikai darasani tu. Laingia katika mikutano, katika ripoti na katika magazeti.

Jambo kubwa la kushika ni hili. Kiingereza hutosheka kusema kwamba kitu kilikuwa hakionekani, na sasa chaonekana. Kiswahili hakitosheki. Kiswahili huuliza kwanza: Kitu hicho kilizuiwa na nini kisionekane? Tena, je, yuko mtu aliyekizuia kwa kusudi? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokuchagulia kitenzi.

ASILI YA NENO

Neno "reveal" liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, nalo asili yake ni Kilatini. Ndani yake limo neno la Kilatini "velum", yaani pazia au utaji. Basi picha iliyomo katika neno hili ni ya mtu anayeshika pazia na kulivuta, ili waliokaa upande wa pili waone kilichokuwa nyuma yake.

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliiona picha hiyo vizuri. Kitabu cha mwisho wakakiita Ufunuo, neno lililotoka katika kufunua. Jina la Kigiriki la kitabu hicho nalo lina maana ya kuondoa kifuniko. Jirani zetu Waganda hukiita Okubikkulirwa. Na katika Luganda "kubikka" ni kufunika, na "kubikkula" ni kufunua. Lugha zote hizo zimeshika njia moja.

Lakini tazama jinsi Kiswahili kinavyobadilika mara jambo lenyewe linapobadilika. Waingereza hutumia "reveal" pia kwa aya za Kurani. Mwislamu wa hapa Rufiji akisimulia habari hiyo hasemi kwamba aya ilifunuliwa, wala hasemi kwamba ilifichuliwa. Husema aya iliteremshwa, kwa kuwa Kiarabu chenyewe kimetumia neno la kushusha kitu kutoka juu. Hapana pazia hapo wala kifuniko. Pana juu na chini. Mwanafunzi atakayetafsiri kwa kufuata kitenzi cha Kiingereza bila kufikiri, akasema aya "ilifichuliwa," atawashangaza wazee wa msikitini, na watakuwa na haki ya kushangaa.

MWISHO WA -UA NA KAZI YAKE

Sasa natutazame vitenzi vyetu wenyewe. Kiswahili kina njia nzuri ya kutengua tendo, nayo ni kubadili mwisho wa kitenzi uwe -ua. Mtu hufunga mlango, kisha huufungua. Huziba tundu, kisha hulizibua. Hukunja mkeka, kisha huukunjua. Hutega mtego, kisha huutegua. Hufukia shimo, kisha hulifukua. Huezeka nyumba kwa makuti, na makuti yakichakaa huiezua. Katika vitenzi vyenye sauti ya O, mwisho huo huwa -oa, kama choma na chomoa.

Vitenzi vitatu katika jamii hiyo vyahusu moja kwa moja jambo letu: funika na funua, fumba na fumbua, ficha na fichua. Kila kimoja kimebeba ndani yake lile tendo la kwanza linalotenguliwa. Huwezi kufunua kisichofunikwa, wala huwezi kufichua kisichofichwa. Hiyo ndiyo siri yote ya makala hii, na mwanafunzi akiikumbuka hii peke yake, hakupoteza muda wake kusoma.

Labda mtu atauliza: kwa nini tunasema "fichuliwa" na "funguliwa", na ile L imetoka wapi, iwapo kitenzi ni fichua na fungua? Jibu ni kwamba zamani L hiyo ilikuwapo. Katika lugha nyingi za Kibantu mwisho huu ni -ula hata leo, kama tulivyoona katika neno la Luganda "kubikkula". Kiswahili kimeidondosha L katika fungua na fichua, lakini katika hali ya kutendwa na ya kutendea imebaki: funguliwa, fichuliwa, fungulia, fichulia.

Walakini angalia, si kila kitenzi kinachoishia kwa -ua ni kinyume cha kingine. Chukua, tambua na kagua havina kinyume cha namna hiyo. Kamua nacho kimetoka katika kama, yaani kukama maziwa, na maana zake zaenda pamoja, hazipingani.

VITENZI NA MAANA ZAKE

1. Kufunua. Hapa kizuizi ni kifuniko. Mama hufunua chungu atazame kama wali umeiva; mgeni huwekewa chakula chini ya kawa, naye hufunua kawa; mwanafunzi hufunua kitabu. Hapana lawama yo yote katika kufunua. Chungu kilifunikwa ili chakula kiive, si ili mtu adanganywe.

2. Kufumbua. Hapa kizuizi ni kitu kilichofumbwa, kama macho au maneno. Twafumba macho na kuyafumbua. Twafumba maneno, nayo huitwa mafumbo, na mwenye akili huyafumbua. Mithali yasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na kitenzi gangua nacho chatoka katika jamii ile ile ya -ua. Ikiwa kitabu cha Kiingereza chasema kwamba mshairi ali"reveal" maana ya shairi lake mwishoni, kitenzi kifaacho mara nyingi ni kufumbua, au kufafanua, si kufichua.

3. Kufukua. Hapa kizuizi ni udongo. Kitu kilichozikwa au kufukiwa hufukuliwa. Wachimbaji wa mambo ya kale hufukua vyungu na kuta za miji ya zamani, kama ilivyofanyika Kilwa Kisiwani, kusini mwa delta yetu.

4. Kufichua. Hapa kizuizi ni mtu. Yuko aliyeficha, naye alificha kwa kusudi. Wezi huficha mali porini, polisi huifichua. Kwa hiyo kila utamkapo "fichua" umesema mambo mawili kwa mara moja: kwamba kitu sasa chajulikana, na kwamba yuko mtu aliyetaka kisijulikane.

5. Kuonyesha. Hapa hapana kizuizi kinachotajwa. Shina lake ni ona. Kutoka katika ona wazee walipata onya, yaani kumfanya mtu aone hatari iliyo mbele yake; na kutoka katika onya tukapata onyesha, ambayo siku hizi wengine huiandika onesha. Ni kitenzi cha amani. Ramani huonyesha njia, jaribio huonyesha matokeo, mwalimu huonyesha mfano.

6. Kudhihirisha na kubainisha. Haya ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ndugu wa dhahiri na bayana. Hapa kizuizi ni shaka. Jambo lilisemwa, lakini watu hawakuwa na hakika nalo. Sasa limekuwa wazi. Kiingereza kikisema "it was revealed that", bila kutaja mtenda, mara nyingi Kiswahili kizuri ni "ilibainika kwamba".

7. Kugundua. Huyu si ndugu wa "reveal" hasa, lakini wanafunzi huwachanganya. Anayegundua hujua yeye mwenyewe jambo ambalo hakulijua. Anayefichua huwajulisha wengine. Mtu aweza kugundua siri akanyamaza nayo mpaka kufa kwake. Huyo amegundua, wala hakufichua.

MFANO KUTOKA DELTA YETU

Ili maneno haya yakae vizuri kichwani, natuyatie katika kisa cha kweli kilichotokea hapa hapa kwetu, katika mikono ya Mto Rufiji, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliingia bandari ya Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikaipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Baada ya hapo ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji, kwa kuwa mitambo yake ilihitaji matengenezo. Vyombo vilivyoharibika vilichukuliwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa. Mahali penyewe palifaa sana kwa kujificha. Delta yetu ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, na mikondo yake yazunguka na kugawanyika hata mgeni hajui ipi yaenda baharini. Mabaharia wakafunika milingoti kwa matawi ya miti ili isitofautike na msitu.

Waingereza waliitafuta pwani nzima. Katika mwezi wa Oktoba walipekua meli moja ya Kijerumani huko Lindi, wakapata karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Rufiji kwa ajili ya manowari ile. Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham ikagundua mahali ilipo. Mwezi uliofuata ndege iliruka juu ya delta, na kilichofichwa na mikoko kwa mtu aliye baharini kikafichuliwa na mtu aliye angani. Hatimaye zililetwa meli mbili za kivita zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, zikaishambulia Königsberg tarehe 6 Julai na tena tarehe 11 Julai 1915. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya msitu. Waliokuwa ndani ya ndege ndio waliowaonyesha, kwa simu ya upepo, makombora yanaanguka wapi. Siku hiyo ya 11 Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao. Mizinga yake waliing'oa, wakaitumia katika vita vya nchi kavu, na mmoja wapo ungali Mombasa katika Ngome ya Yesu. Meli yenyewe mabaki yake yalionekana mtoni kwa miaka mingi, kabla hayajazama katika matope.

Sasa rudi juu uhesabu vitenzi. Mwandishi wa Kiingereza angeweza kutumia "reveal" mara nne katika kisa hiki: kwa karatasi za Lindi, kwa ndege ya kwanza, kwa watazamaji wa angani, na kwa mabaki ya meli. Sisi tumetumia vitenzi vitatu. Karatasi zilionyesha, kwa kuwa zilikuwa hati za kazi za kila siku, nazo zilisema wazi kwa aliyezisoma. Ndege ilifichua, kwa kuwa meli ilikuwa imefichwa na watu kwa kusudi. Watazamaji wa angani walionyesha, kwa kuwa wakati huo meli ilikwisha julikana ilipo, na msitu ndio uliowazuia wapiga mizinga wasione. Mabaki ya meli yalionekana, wala hakuna aliyeyaonyesha. Kitenzi hicho cha mwisho kinatuleta kwenye jambo jingine.

PASIPO MTENDA

Kila mtoto wa Nyamisati au Salale ajua bahari inavyojaa na kupwa. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na mafungu ya mchanga na mizizi ya mikoko, ambayo maji yalipojaa hayakuwapo machoni, sasa yako wazi. Kitabu cha Kiingereza kitasema kwamba bahari "reveals" mafungu hayo. Mwanafunzi akiandika "bahari hufichua mafungu," Kiswahili chake kitachekesha, kana kwamba bahari ni askari aliyepekua nyumba. Mvuvi angesema tu, "Maji yakipwa, mafungu huonekana," au "hujitokeza." Kiingereza hupenda kumtafutia kila tendo mtenda, hata kama mtenda ni bahari au upepo. Kiswahili mara nyingi hukiacha kitu chenyewe kijitokeze.

Kwa ajili hiyo lugha yetu ina mwisho wa -ka. Twasema funuka, fumbuka, fichuka, fukuka. Tazama tofauti ya sentensi hizi mbili:

Siri imefichuka.
Siri imefichuliwa.

Ya kwanza yasema siri imetoka nje, labda kwa bahati, labda yenyewe kwa yenyewe, wala hatumtafuti mtu. Ya pili yasema yuko mtu aliyeitoa. Ukiitwa kutoa ushahidi barazani au mahakamani, tofauti ya herufi chache hizo si ndogo. Ukisema "imefichuliwa," utaulizwa mara moja, "Na nani?" Nawe yakupasa uwe na jibu.

VITENZI VYA AIBU

Viko vitenzi vingine vya kuonyesha ambavyo yafaa mwanafunzi avitumie kwa hadhari, maana vyabeba aibu.

Cha kwanza ni kuanika. Twaanika samaki na mpunga juani, na hilo ni jema. Lakini kumwanika mtu ni kuyatandaza mambo yake mbele ya watu, na hilo ni jambo zito.

Cha pili ni kuumbua. Kitenzi hiki ni cha jamii ya -ua: kuumba ni kumpa kitu sura, na kuumbua ni kumwondolea mtu sura yake njema mbele ya wenzake. Wazee wamekiweka katika mithali mashuhuri, mficha maradhi kifo humuumbua. Vitenzi viwili vimekutana hapo, ficha na umbua, na mithali yenyewe ni somo la afya pia: asiyemwambia mganga ugonjwa wake, mwisho wake utausema.

Cha tatu ni kukashifu. Katika Kiarabu shina lake lina maana ya kufunua tu. Lakini lilipofika kwetu lilibadilika, na sasa kukashifu ni kutoa maneno ya kumvunjia mtu heshima, na kashfa ni aibu iliyoenea. Neno lililotoka kwao safi limepata kutu njiani. Kwa hiyo wanaojua Kiarabu kidogo wasidanganyike kudhani kwamba kukashifu jambo ni kulieleza.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Huenda msomaji akasema, "Haya ni mambo ya sarufi tu, mradi nimeeleweka, yatosha." Sivyo. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa korosho kimekaguliwa hesabu zake, na ripoti imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ukaguzi ume"reveal" upungufu wa shilingi 300,000. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne aitwa awasomee wanachama kwa Kiswahili. Akisema, "Ukaguzi umeonyesha upungufu wa shilingi 300,000," wanachama watauliza fedha ziko wapi, na karani ataeleza. Pengine ziliandikwa katika ukurasa mwingine. Pengine risiti haijafika. Lakini kijana akisema, "Ukaguzi umefichua upungufu," tayari amekwisha waambia watu mia mbili kwamba yuko aliyeuficha. Karani atakuwa mwizi kabla hajafungua kinywa. Hata hesabu zikionekana sawa wiki ijayo, jina lake halitarudi kama lilivyokuwa. Ripoti haikumshitaki, mfasiri ndiye aliyemshitaki.

Magazeti nayo yana kosa hili. Mara nyingi husomwa kwamba utafiti "wafichua" kuwa mvua zitapungua, au kwamba mitihani "yafichua" udhaifu wa wanafunzi katika hesabu. Nani aliyeficha mvua? Na udhaifu huo walimu na wazazi walikuwa wakiuona siku zote. Utafiti waonyesha, mitihani yaonyesha. Neno kali hutumiwa ili habari iuzike, na likizoeleka hupoteza makali yake siku linapohitajiwa kweli.

Maana liko kosa la upande wa pili, nalo ni baya vile vile. Tuseme mwenye mashua ajua kwamba ubao mmoja umeoza, naye apaka rangi juu yake asije akakosa abiria. Fundi aipekua mashua na kulikuta tundu. Mtu akiandika, "Tundu lilionekana katika mashua," amemsamehe mwenye mashua kwa neno lake laini. Hapa kitenzi cha haki ni kimoja tu: fundi alifichua tundu lililofichwa kwa rangi. Abiria wangaliweza kufa. Asiyestahili lawama asipewe kwa neno letu, na anayestahili asiepushwe kwa neno letu.

UPANDE WA KIINGEREZA

Mpaka hapa tumetoka katika Kiingereza kuja Kiswahilini. Sasa maneno machache kwa safari ya kurudi, kwa kuwa mitihani ya Kiingereza huandikwa kwa Kiingereza.

Kwanza, si kila "onyesha" ni "reveal". Kitenzi hiki chataka jambo ambalo halikujulikana au halikuonekana. Ukitaka kumwambia mwenzako akuonyeshe daftari lake, tumia "show". Ukitumia "reveal" utakuwa kama unayemtuhumu kwamba daftari lake lina siri.

Pili, angalia mahali pa mtu anayeambiwa. Katika Kiswahili mtu huyo huingia ndani ya kitenzi: "Alinifichulia siri." Kwa hiyo wanafunzi wengi huandika "He revealed me the secret." Si sahihi. Kitenzi "reveal" hufuatwa na jambo kwanza, kisha mtu, na katikati huwekwa "to": "He revealed the secret to me." Kitenzi "show" ndicho kiwezacho kufuatwa na mtu mara moja.

Tatu, kitenzi hiki chaweza kufuatwa na sentensi nzima inayoanza kwa "that": "The map revealed that the river had changed its course." Kwa Kiswahili: Ramani ilionyesha kwamba mto umebadili njia yake. Jambo hilo hutokea kweli katika delta yetu, na mto haukuificha njia yake kwa kusudi. Kwa hiyo tumesema ilionyesha.

JARIBU MWENYEWE

Weka kitenzi kifaacho mahali penye nukta. Funika majibu kwa karatasi kabla hujaanza.

(a) Daktari hana ruhusa ya ... ugonjwa wa mtu kwa majirani bila idhini yake.
(b) Upepo ulipovuma, makuti yaliondoka na paa ...
(c) Jaribio la maabara ... kwamba maji ya kisima yana chumvi.
(d) Mtoto mchanga wa paka hukaa siku kadhaa kabla ya ... macho.
(e) Askari wa misitu ... magogo ya mikoko yaliyofichwa chini ya mashua.
(f) Baada ya mashahidi watatu kusema, ... kwamba mshitakiwa hakuwako Kibiti siku hiyo.

Majibu: (a) kutoboa siri ya, au kufichua, kwa kuwa ugonjwa wa mtu ni siri yake naye ana haki ya kuificha, (b) likaezuka, (c) lilionyesha, (d) kufumbua, (e) alifichua, (f) ilibainika. Katika (a) ukiwa umeandika "kuanika", hukukosa sarufi, lakini umeongeza aibu ambayo sentensi haikuitaja.

MANENO YA MWISHO

Kamusi itakupa orodha ya maneno, nayo ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kujua habari unayoisoma wewe. Usichukue neno la kwanza lililoandikwa na kufunga kitabu. Soma sentensi nzima, kisha jiulize yale maswali mawili: Kitu hiki kilizuiwa na nini? Je, yuko aliyekizuia kwa kusudi? Ikiwa ni kifuniko, funua. Ikiwa ni fumbo, fumbua. Ikiwa ni udongo, fukua. Ikiwa ni shaka, bainisha. Ikiwa hapana kizuizi cha kutajwa, onyesha, au kiache kitu kionekane chenyewe. Na ikiwa ni mtu aliyeficha, nawe una hakika, basi usiogope: fichua.